Dang'a Bila Ndama

Saa nane za usiku, banda namba tatu,
ng'ombe sitini wamepanga makalio kama washtakiwa,
nami nafuta chuchu kwa kitambaa cha dawa,
moja, moja, moja.
Huyu mwenye hereni 4417
ametoa maziwa mazito, ya manjano.
Nikamwambia Eleuterio: hii ni dang'a.
Akauliza, dang'a ni nini?
Nikachora tumbo hewani, nikachora na ndama.
Akatikisa kichwa. Huyu hajazaa tangu Oktoba.

Nimekulia kwa ng'ombe, milimani Minembwe.
Dang'a kwetu ni ya ndama kwanza, kisha ya watoto,
haiuzwi, hata kwa shemeji.
Sikujua kuna dang'a ya ugonjwa,
kiwele kinachodai kimezaa na hakijazaa.

Kulipokucha, paka wawili wamekauka chini ya tangi.
Wa tatu anazunguka, anazunguka,
macho wazi, haoni,
masharubu bado yana maziwa yaliyomwagika.

*

Jumapili napitia makaburini kwenda kanisani.
Kuna jiwe limeegama kama mtu aliyesinzia ibadani:
Wilhelmina Dirksen, 1899–1918.
Ubavuni mwake Cornelius, 1918,
hana mwaka wa pili, mmoja ulimtosha.
Bi Verda, mshika funguo, ni mjukuu wa dada yake.
Anasimulia huku akitafuta ufunguo:
Jumatatu alianika nguo.
Jumatano uso ulikuwa rangi ya wino.
Ijumaa mbao zilikwisha mjini,
wakang'oa mlango wa ghala, wakamzikia humo,
yeye na mtoto.
Gazeti la wiki ile liliandika bei ya ngano,
likaandika vijana waliopanda treni kwenda kambini,
na chini kabisa: wilayani kuna mafua kidogo.

Mafua kidogo.
Treni ikaondoka na vijana,
vijana wakaondoka na hicho kidogo.

Wapo wasemao dunia nzima iliugulia kutoka nyanda hizi za Kansas.
Wapo wanaokataa. Sibishani na makaburi.
Ninachojua ni upepo:
huku hauna mlima wa kuuzuia.

*

Jumanne lori lilibeba mitamba arobaini,
likavuka mpaka wa jimbo kabla ya chai.
Jumatano Eleuterio aliamka macho mekundu kama mkata vitunguu.
Msimamizi akasema ni vumbi.
Akasema ng'ombe watapona, wengi wanapona,
na atakayepimwa atalala nyumbani siku kumi.
Siku kumi ni kodi ya nyumba.
Hakutoa kitisho. Alitoa hesabu tu.

Wilhelmina hakujua mdudu wake anaitwaje.
Sisi tunalo jina, herufi na tarakimu,
kama hereni sikioni mwa ng'ombe.
Tuna picha yake kwenye simu, mviringo wenye miiba,
mithili ya mbigili iliyonasa kwenye soksi.
Tuna glavu, boksi zima, haijafunguliwa.
Wao walinyimwa habari.
Sisi tunazo, tumezikalia.

Nikapiga simu kwa daktari wa wilaya.
Sauti ya upole. Akasema maziwa yakichemshwa hayana neno.
Akasema kirusi kimetoka kwa ndege, kimeingia kwa ng'ombe,
mara chache kwa mtu,
ila mtu hajamwambukiza mtu, mpaka sasa.
Mpaka sasa.
Nikabaki na maneno hayo mawili mkononi,
kama avukaye daraja bovu akihesabu mbao
na asijue daraja lina mbao ngapi.

Bandani kuna ubao wa namba za wagonjwa.
Usiku huu nimeandika 4417,
4420, 4386.
Chini yake nimeandika Eleuterio, macho.
Yeye mwenyewe akanishikia tochi.
Halafu nikajikuna jicho la kushoto,
nikasimama kidogo na chaki,
nikaandika na langu: Nyamahoro,
kwa herufi kubwa,
ili lisomeke hata kutoka mlangoni.